Kufomati diski na kupiga Windows upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kufomati diski huondoa matatizo ya programu kwenye kompyuta?

Huondoa yale yanayokaa ndani ya kile kinachofutwa. Faili za Windows zilizoharibika umeme ulipokatika katikati ya masasisho, draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) zinazogombana, programu iliyojichimbia na kugoma kung'oka, virusi vya kawaida: vyote hivi huishi kwenye patisheni ya C, yaani sehemu ya diski ambamo Windows imewekwa. Patisheni ikifutwa, navyo vimekwenda.

Kufomati hakugusi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye hitilafu, diski inayokufa, feni iliyozibwa na vumbi, wala BIOS, programu ya kuwashia kompyuta iliyo kwenye chipu ya madabodi. Tena hakukulindi na kile utakachokirudisha kwa mkono wako mwenyewe, kama flashi yenye virusi au programu isiyo na leseni halali uliyoipakua mwaka jana. Ndiyo maana mtu hufomati Jumatatu na ikifika Alhamisi tatizo ni lile lile. Tafuta kwanza ugonjwa umekaa wapi, maana faili za miaka kumi zinaweza kupotea kwa ajili ya kosa ambalo lingeondoka kwa dakika ishirini.

Kufomati, kupiga Windows na kufanya Reset ni kitu kimoja?

Mitaani maneno haya huchanganywa, na watu wameumia kwa sababu hiyo. Kufomati ni kuifuta patisheni na kuandika upya orodha ya mahali faili zilipo. Baada ya hapo hamna mfumo wowote ndani yake. Kupiga Windows ni kuweka mfumo mpya, na inawezekana kabisa kufanya hivyo bila kufomati: faili za zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, ambayo mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10 hivi. "Reset this PC" ni njia iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Inakupa uchague kubakiza faili zako au kufuta kila kitu, lakini programu ulizoweka huondoka kwa vyovyote vile.

Fundi akisema "nitakupigia Windows", muulize wazi: utafuta patisheni ya C peke yake, utafuta diski nzima, au utabakiza faili?

Nitajuaje kama tatizo ni la programu au la kifaa?

Anza na diski. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure, uifungue. Ikionyesha "Good" vuta pumzi. Ikionyesha "Caution" au "Bad", tazama mistari mitatu ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski: 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (sekta zinazosubiri kuhukumiwa) na C6 (sekta zisizosomeka tena). Hiyo ni kwa diski za kuzunguka (HDD). Thamani zake huandikwa kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 10 pale maana yake ni 16. Namba za C5 na C6 zikiwa juu ya sifuri, na hasa zikiwa zinapanda kila siku, diski hiyo haiponi kwa kufomatiwa. Toa faili zako leo, kisha nunua diski nyingine. Usianze na `chkdsk /r` juu ya diski ya namna hii. Amri hiyo huisoma diski nzima sekta kwa sekta, na diski iliyochoka inaweza kufia hapo hapo kabla hujanakili kitu.

Kisha RAM. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mdsched.exe`, uiache kompyuta ijipime. Kipimo kikali zaidi ni MemTest86, kinachoendeshwa kutoka kwenye flashi. Kiache kikamilishe mizunguko yote, ikibidi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuishuku RAM. Chomoa vipande vyote, safisha miguu yake, ukipime kimoja kimoja.

Joto nalo hudanganya wengi. Kompyuta inayozima ghafla bila ujumbe wowote, tena baada ya dakika 20 za kazi nzito, mara nyingi imejilinda. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na zikizidi hapo mashine hujizima. Dawa yake ni kupuliza vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa.

Skrini ya buluu ikitokea, piga picha ya jina la kosa. `WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR` karibu kila mara huelekeza kwenye kifaa. `KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR` maana yake mfumo ulishindwa kusoma kitu kutoka kwenye diski, hivyo shuku diski au kebo yake, na wakati mwingine RAM. `MEMORY_MANAGEMENT` ni ya RAM au draiva. `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE` ikija mara tu baada ya masasisho au baada ya mtu kuchezea BIOS, huwa ni draiva ya diski au mpangilio uliobadilishwa, na hurekebishwa bila kufuta chochote.

Kuna kipimo kimoja tunachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kukisia. Weka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure isiyo Windows, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo, uchague kujaribu bila kusakinisha. Diski yako haiguswi. Fungua intaneti, cheza video, itumie kwa saa nzima. Kompyuta ikiganda hata humo, Windows haina hatia. Ikienda vizuri muda wote na diski imepimwa ikaonekana nzima, sasa una sababu ya kuilaumu programu.

Fundi amesema lazima tufomati. Hakuna la kujaribu kwanza?

Yapo, na yafuatwe kwa mpangilio huu.

Iwashe katika Safe Mode, yaani Windows yenye vitu vya lazima tu: shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Tatizo likitoweka humo, mkosaji ni draiva au programu inayojiwasha yenyewe. Rudi kwenye hali ya kawaida, andika `msconfig`, ficha huduma za Microsoft, zima nyingine zote, kisha ziwashe nusu kwa nusu hadi umkamate.

Tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji, uingie nayo. Kila kitu kikienda sawa humo, kilichoharibika ni wasifu wako tu. Hamisha faili zako uendelee na kazi.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike hizi mbili kwa mpangilio:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Ya kwanza hutengeneza ghala ambalo ya pili huchukua faili zake, kwa hiyo ukizigeuza unapoteza muda. Inahitaji intaneti, na inaweza kuonekana imekwama kwa dakika kadhaa. Iache.

Bado? Weka Windows juu ya Windows. Pakua faili ya ISO (faili moja yenye Windows nzima) ya toleo lile lile na lugha ile ile, ibofye mara mbili ifunguke, endesha `setup.exe`, uchague kubakiza faili na programu. Mfumo mzima hubadilishwa huku programu zako za hesabu, printa na picha zikibaki mahali pake. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 kuna njia fupi zaidi: Settings, System, Recovery, halafu "Fix problems using Windows Update". Kwa tatizo la programu lisilo la virusi, hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko kufomati, na inasikitisha kwamba mafundi wengi huiruka.

Mfano mkubwa unajulikana dunia nzima. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zilizokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali zilikwama. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja ambayo jina lake linaanza na `C-00000291`. Kufomati kungeliondoa tatizo hilo pia, pamoja na kila kitu kingine kilichokuwamo.

Kompyuta yangu ni nzito sana. Nikifomati itakuwa nyepesi?

Kwa wiki chache, huenda. Programu zinazojiwasha zitakuwa zimeondoka. Lakini kama ndani yake kuna diski ya kuzunguka, uzito utarudi. Diski ya kuzunguka husoma takribani MB 100 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri, na hushuka vibaya inapotakiwa kuokota faili ndogo ndogo zilizotawanyika, ambayo ndiyo kazi ya Windows wakati wa kuwaka. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ikiwa ya aina ya SATA hufikia MB 500 hivi, na haina sindano ya kuhangaika huku na huko. Fungua Task Manager. Ukiona Disk imekaa kwenye asilimia 100 huku hufanyi lolote, fedha ya ufundi iweke kwenye SSD ya GB 240 au 256. Ukiona Memory imepita asilimia 85 ukiwa umefungua kivinjari tu, ongeza RAM ifike GB 8.

Angalia pia nafasi iliyobaki. C iliyojaa hadi kubakiwa na GB 2 huwa nzito kwa sababu masasisho na kumbukumbu ya akiba hayana pa kukaa.

Nina virusi. Kufomati kutavimaliza?

Kwa virusi vilivyo kwenye C, ndiyo. Shida ni mahali pengine vinapojificha. Chukua virusi vya shotikati, ambavyo kila anayechapisha kazi kwenye stationery anavijua: folda zako kwenye flashi zinafichwa, na mahali pake panawekwa shotikati zinazowasha virusi kila unapozibofya. Ukifomati C na kuiacha patisheni ya D, kisha ukachomeka flashi ile ile, umerudi ulipoanzia.

Baada ya kuweka Windows safi, acha Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, ijisasishe kabla hujachomeka chochote. Chomeka flashi bila kubofya kitu, ikague kwanza, kisha kama flashi ni E andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` ili folda zako halisi zionekane. Futa shotikati na faili zozote za `.vbs` au `.js` usizozijua.

Chanzo kingine ni programu za kuvunja leseni. Fundi akimaliza kukuwekea Windows safi kisha akazima Defender ili aendeshe kifaa cha kuifungua kwa wizi, kompyuta imetoka mikononi mwake ikiwa tayari imefunguliwa mlango. Kataa hilo.

Vipo pia virusi vinavyokaa kwenye chipu ya madabodi, ambako kufomati hakufiki. LoJax, iliyotangazwa na kampuni ya ESET mwaka 2018, ilikuwa ya namna hiyo na ilinusurika hata diski ilipobadilishwa. Ni nadra, na hulenga taasisi zaidi kuliko mtu wa nyumbani.

Nihifadhi nini kabla ya kufuta?

Desktop iko ndani ya C. Tunaliweka mbele kwa sababu hapa ndipo machozi yanapoanzia: mwanafunzi huweka tasnifu yake pale mbele ya macho akidhani ni mahali salama. Nakili folda yote ya `C:\Users\` yenye jina lako, ikiwemo Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Kwa programu za hesabu kama Tally na QuickBooks, usikisie faili ziko wapi. Ifungue programu, itengeneze nakala rudufu yenyewe, uitoe nje. Toa alamisho na manenosiri ya kivinjari, au hakikisha yamesawazishwa na akaunti yako.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvisahau:

Ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe bila mwenye mali kujua. Ufunguo una tarakimu 48 na huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi. Bila huo, patisheni ya D iliyofungwa haifunguki tena.

Draiva. Tengeneza folda ya draiva kwenye flashi, kisha andika `pnputil /export-driver * E:\draiva`. Dakika mbili hizi zitakuokoa siku Wi-Fi itakapogoma.

Toleo la Windows. Angalia kama ni Home au Pro. Kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye huwa na ufunguo ndani ya BIOS, nao hukubali toleo lake tu.

Ukimaliza kunakili, fungua faili tano au sita kwenye kompyuta nyingine. Nakala usiyoifungua bado haijathibitishwa.

Hatua zenyewe ni zipi?

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu, maana itafutwa. Kwenye kompyuta nzima pakua Media Creation Tool kutoka kwa Microsoft. Faili za Windows 11 ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo panga bando lako. Chomeka chaja na uhakikishe betri ina chaji. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Chomeka flashi, washa, na bonyeza mfululizo kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, Esc kwa laptopu nyingi za Asus. Kwenye Acer, F12 huenda ikahitaji kuruhusiwa kwanza ndani ya BIOS, ambako unaingia kwa F2.

Ukiulizwa ufunguo, chagua "I don't have a product key", kisha toleo lile lile ulilokuwa nalo. Ukifika kwenye orodha ya patisheni, tulia. Hapa ndipo pasipo na kurudi nyuma. Soma ukubwa, kwa sababu herufi za C na D hazionyeshwi. Patisheni ndogo za MB 100 na MB 16 ni za mfumo. Kama faili zote zimeshatoka, futa patisheni zote za diski hiyo ibaki "Unallocated Space", kisha bofya Next, nayo itazigawa yenyewe. Kama unataka kuibakiza D, futa hizo za mfumo pamoja na C, ukiitambua kwa ukubwa wake, na usiiguse D yenye faili. Kompyuta ikiwa na diski mbili, ni salama zaidi kuichomoa ile ya faili kabla hujaanza.

Kompyuta ikijiwasha upya mara ya kwanza, chomoa flashi, la sivyo inaweza kuanza usakinishaji mwanzo tena. Kwenye SSD kazi huchukua kama nusu saa, kwenye diski ya kuzunguka saa nzima au zaidi.

Imekataa katikati. Nifanyeje?

*Inasema diski ina jedwali la MBR.* Umewasha flashi kwa UEFI (mtindo mpya wa BIOS) na diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani, ambao ndio MBR. Bonyeza Shift na F10, andika `diskpart`, `list disk`, hakikisha kwa ukubwa ni diski ipi, kisha `select disk 0`, `clean`, `convert gpt`. Amri ya `clean` hufuta diski nzima, D ikiwemo.

*Haioni diski yoyote.* Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski hujificha nyuma ya VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski. Pakua draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, ifungue iwe folda kwenye flashi, kisha ubofye "Load driver". SSD ikiwa haionekani hata kwenye BIOS, ichomoe uirudishe. Isipoonekana bado, huenda imekufa.

*Imekwama kwenye intaneti, Wi-Fi haionekani.* Unganisha simu ya Android kwa kebo, washa USB tethering. Kwa kawaida Windows huitambua bila draiva ya ziada. Ukishaingia, rudisha zile draiva ulizozihifadhi: `pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install`.

Fomati ya haraka na fomati kamili zinatofautianaje?

Ya haraka huandika upya orodha tu, faili zenyewe zinabaki chini yake hadi zifunikwe. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kila mahali na kutafuta sekta mbovu. Kwa kuondoa tatizo la programu, ya haraka inatosha.

Nimefomati bila kunakili. Faili zinarudi?

Izime kompyuta sasa. Kila dakika inapowaka inaandika juu ya ulichopoteza. Kama ni diski ya kuzunguka na hujaweka Windows juu yake, ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na utumie PhotoRec au Recuva, ukihifadhi kinachopatikana kwenye diski tofauti. Kama Windows mpya imeshawekwa, GB 20 au zaidi zimefunikwa, lakini zilizobaki zinaweza kupatikana. SSD ni habari nyingine: amri ya TRIM huiambia isafishe nafasi zilizofutwa, na mara nyingi hakuna cha kuokoa.

Ni vizuri kufomati kila baada ya miezi sita?

Hapana. Ondoa usichotumia, acha masasisho yapite, basi.

Bado natumia Windows 10. Nikifomati niweke ipi?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani anayejiandikisha hupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI, RAM GB 4, diski GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 na kuendelea. Mashine isiyofikia hapo na inayotumika kwa intaneti na kuandika tu, Linux Mint inaifaa.

Nauza kompyuta. Kufomati kunatosha kulinda siri zangu?

Fomati ya haraka haitoshi. Tumia Reset this PC, chagua kufuta kila kitu, bofya "Change settings" na uwashe "Clean data". Kwa diski ya kuzunguka unaweza pia kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine na kutumia `clean all` ndani ya `diskpart`, inayoandika sifuri kila sekta: kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 1 huchukua karibu saa tatu. Kwa SSD tumia kifutio cha mtengenezaji au kilichomo kwenye BIOS. Kabla ya yote hayo, jitoe kwenye akaunti ya Microsoft na uiondoe kompyuta kwenye orodha ya vifaa vyako, na programu zenye leseni ya kompyuta moja uziondolee leseni kwenye mashine hii (deactivate) ili uweze kuzitumia kwenye mashine mpya.